Haihati imejaa kwenye maiki ya sneya, nifanyeje? Fundi mitambo anajibu maswali ya dramu

Mwezi huu karibu maswali yote yamekuja ya kitu kimoja, dramu zilizorekodiwa laivu ambapo kila maiki inasikia kila kitu (huko ndo kuvuja, au uvujaji). Kwa mgeni: kiki ni ngoma kubwa ya mguu, sneya ni ile kali ya katikati, haihati ni matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, na ovahedi ni maiki za juu ya dramu. Nimechagua sita. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana ukilielewa hilo mengine mengi yanajijibu yenyewe.

SWALI: Shikamoo fundi. Natumika kitengo cha mitambo kanisani kwetu huku Mwanza. Tumerekodi ibada ya kusifu laivu, dramu zina chaneli nane: kiki, sneya, tomu tatu, ovahedi mbili na haihati. Sasa nikipandisha sneya haihati nayo inapanda, nikiweka kompresa ndo inakuwa balaa, tsi tsi tsi mpaka waimbaji wanafunikwa. Nimeweka geti, haihati imepungua ila sneya inakatika katika haina uhai. Ukumbi wetu ni vigae chini na bati juu, na kurudia kurekodi haiwezekani. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, na pole na kazi. Kabla hujagusa geti (kinachonyamazisha sauti ndogo) wala kompresa (inayoshusha sauti kubwa), izime hiyo chaneli ya haihati. Haihati yako tayari ipo kwenye sneya, ipo kwenye ovahedi zote mbili, na kwa ukumbi wa vigae na bati nina uhakika mpaka kwenye tomu ipo, sasa maiki yake yenyewe ya nini? Kwenye miksi nyingi za laivu ninazoletewa hiyo traki ikizimwa hakuna anayeuliza imeenda wapi.

Alafu acha kuanza na sneya. Wengi wanajenga dramu kwa mpangilio ule ule, kiki, sneya, tomu, ovahedi zinakuja mwisho kabisa, kwahiyo wanakuja kushtuka haihati imejaa wakati kila kitu kishapandishwa. We geuza. Pandisha ovahedi mbili kwanza, moja kushoto moja kulia, zisikilize zenyewe mpaka uelewe mpigaji alikuwa anafanya nini, sneya ipo mle, tomu zipo mle, hiyo ndo dramu nzima kama aliyekaa mbele yake angeisikia. Baada ya hapo ingiza kiki mpaka chini kujae, alafu ingiza sneya polepole mpaka uisikie imesogea mbele, simama hapo hapo. Utakuta feda ya sneya (kitelezi cha kupandisha sauti) ipo chini sana kuliko ulivyozoea, na ikiwa chini basi na kilichovujia ndani yake nacho kipo chini. Ukiisikiliza sneya yenyewe kwa solo utakosa raha, sasa usiisikilize kwa solo, hakuna muumini atakayeisikiliza hivyo.

Twende kwenye kompresa, na hapa naomba tupige hesabu maana wengi wanaambiwa tu "kompresa inaongeza uvujaji" bila kuonyeshwa inavyofanya. Tuseme pigo la sneya linafika -6, haihati iliyovujia mle inafika -24. Tofauti ni desibeli 18, sio mbaya kabisa hiyo. Unaweka kompresa inayoshusha pigo desibeli 8, sneya inakuwa -14, haihati haijaguswa maana haifiki kwenye treshodi (kiwango ambacho kompresa inaanza kazi), imebaki -24 yake. Unaona sneya imekuwa ndogo, unaongeza geini 8 irudi ilipokuwa. Sneya imerudi -6, ila haihati sasa ipo -16, tofauti iliyokuwa 18 imebaki 10. Hakuna feda ya haihati uliyoigusa lakini umeipandisha desibeli 8, na ukija kuweka kompresa nyingine kwenye basi ya dramu (chaneli inayokusanya dramu zote), alafu nyingine kwenye masta (miksi nzima), mchezo ni ule ule unajirudia juu ya uliotangulia. Ndo maana nasema kwa dramu za laivu kompresa ya sneya ikishusha desibeli 3 au 4 inatosha, na geti likae kabla yake, sio baada.

Sasa geti. Lako linakata sneya kwa sababu mbili, nadhani. Ya kwanza, linafunguka kwa kitu kisichotakiwa. Geti ni mlinzi anayefungua kwa yeyote anayepiga honi kwa nguvu, hajui mwenye nyumba ni nani, kwahiyo haihati ikipigwa kwa nguvu linafungua, wewe unapandisha treshodi ili lisifungue, ukipandisha na sneya za wastani nazo zinafungiwa nje. Dawa ni kulichujia masikio. Geti zuri lina filta za upande wa kusikia tu, haziharibu sauti inayopita. Sneya sauti yake ya chini inaanzia kama Hz 150 mpaka 250 hivi, kiki imelala chini ya 100, haihati nguvu yake ipo juu huko kuanzia 5,000 na kuendelea. Kwahiyo kata chini ya 150 na kata juu ya 1,000, mwache asikie hapo katikati tu. Ukitumia programu ya kurekodi ya Reaper, geti lake la ReaGate linakuja nayo bure na filta hizo zipo, kuna na kitufe cha kukusikilizisha kile ambacho geti linasikia, kibonye usikilize, unatakiwa kusikia sneya ikigonga kwa uziwi uziwi na haihati imebaki kwa mbali sana. Ukifika hapo treshodi utaishusha bila hofu.

Sababu ya pili, unafunga geti lote. Hili ndo kosa ninaloliona kuliko yote. Geti likifunga kabisa, kati ya pigo na pigo haihati inatokea kwenye ovahedi tu, ipo pembeni, imetulia, ina hewa yake. Pigo la sneya likija geti linafunguka, ghafla haihati inaingia na kupitia maiki ya sneya, kavu, kubwa, katikati kabisa ya spika, alafu geti linafunga inarudi pembeni. Sikiliza kwa hedifoni utaisikia inaruka, pembeni katikati, pembeni katikati, na sikio linachoka kwa kuruka huko kuliko kwa haihati yenyewe. Usifunge geti lote, weka renji (kiasi ambacho geti linashusha) ya desibeli 10 au 12 tu. Haihati iliyokuwa -24 inashuka mpaka -35 hivi, inatosha kabisa na hakuna kinachoruka. ReaGate haina kitufe cha renji, ila pandisha ile feda ya drai (sauti isiyopitia geti) mpaka -12 utapata kitu kile kile.

Ataki (muda wa geti kufunguka) weka ya haraka, chini ya milisekunde 1, na kama geti lina sehemu ya kufungua mapema kidogo lipe milisekunde 1 au 2 ili kichwa cha pigo kisikatwe. Holdi (muda wa kubaki wazi) milisekunde 50 hivi, rilizi (muda wa kufunga) anza na 150 alafu fuata wimbo, wa taratibu unataka rilizi ndefu, sebene la haraka linataka fupi. Vile vipigo vidogo vidogo mpigaji anavyovichezea kati ya mapigo makubwa geti haliwezi kuvitofautisha na haihati, vingi vipo chini kuliko haihati yenyewe, usilisumbue. Kwenye beti ambazo anavitumia zima geti kwa otomesheni (mabadiliko unayoyaandika yajiendeshe yenyewe), beti nyingi zipo na nafasi, na mara nyingi pale haipigi haihati kwa nguvu.

EQ nayo, yani kupandisha na kushusha masafa. Ukiongeza ung'avu wa Hz 8,000 kwenye maiki ya sneya unachoongeza hasa ni haihati, sneya yenyewe inapata kidogo. Kwenye hiyo maiki ongeza nyama kwenye 200, ongeza kuuma kwenye 2,000 mpaka 4,000, huko juu paache au hata paishie kwenye 9,000. Ung'avu wa sneya utautoa kwenye ovahedi maana huko unasikika vizuri zaidi. Kama una EQ ya daynamiki kuna njia moja tamu, shusha eneo la kuanzia 6,000 kwenda juu kwa desibeli 8 muda wote, alafu iambie ipandishe lirudi pale tu pigo la sneya linapovuka treshodi. Hapo unakuwa na geti la huko juu tu, mwili wa sneya hauguswi na haikatiki.

Na riveb (mwangwi wa ukumbi), hii naona wengi wanaisahau. Hata kama sneya imekaa vizuri, ukiituma kwenye riveb na uvujaji wake ukumbi mzima unajaa haihati. Nakili traki ya sneya, ile nakala ifunge geti lote bila huruma, hata ikisikika vibaya sio shida maana haiendi kwenye spika, inaenda kwenye riveb peke yake.

SWALI: Niaje fundi, niko Nairobi, tumerekodi bendi yetu laivu studio ndogo hivi ya mtaa. Shida yangu ni tomu. Zinavuma ngoma nzima hata zisipopigwa, kila kiki ikilia flo tomu inaimba nayo. Nikiweka geti zinakata ile mlio wa mwisho. Nifanye aje?

JIBU: Poa sana. Tomu usiziwekee geti, zikate kwa mkono. Sneya inapigwa mamia ya mara kwenye wimbo mmoja huwezi kukaa unakata moja moja, lakini tomu hebu hesabu, wimbo wa dakika 4 fili (mapigo ya kujazia) ngapi zina tomu? Ni kazi ya nusu saa hiyo na unamaliza tatizo kabisa. Fungua traki, mapigo ya kweli utayaona kwa macho yamesimama juu ya ule mvumo, kata milisekunde 5 au 10 kabla ya pigo na uweke fedi fupi (sauti iingie taratibu, mwishoni itoke taratibu), alafu mwisho acha mlio ufe wenyewe, tomu ndogo milisekunde 400 hivi, flo tomu mpaka sekunde nzima, na fedi ndefu iliyopinda isisikike inapoishia. Kati ya mapigo futa yote. Kwa sneya nimemwambia mwenzako wa Mwanza asifunge lote, kwa tomu mimi nafuta lote, maana haionekani mara kwa mara na mvumo wake unachafua kiki na besi wimbo mzima.

Kitu cha kuangalia ni matoazi. Fili nyingi zinaishia na toazi la krashi, sasa ule mlio wa flo tomu ulioacha sekunde nzima una krashi ndani yake, na ikitoka kwenye maiki ya tomu inasikika mbaya, ya bati bati. Hapo tumia filta inayotembea. Pigo lenyewe lipite lote, alafu ndani ya milisekunde 150 hivi filta ishuke mpaka 1,500 au hata 1,000, mlio wa tomu upo chini huko hauguswi, krashi inabaki ya ovahedi peke yake. Inachukua muda ukifanya fili ya kwanza, zingine unanakili otomesheni unabandika.

Hiyo flo tomu kuimba kila kiki ikipigwa ni tyuning, noti yake ipo karibu na ya kiki. Siku nyingine kabla hamjarekodi mwambie mpigaji aipandishe au aishushe kidogo, akigonga kiki mguse ngozi ya tomu kwa vidole mtajua imetulia au bado.

SWALI: Habari kaka. Kila maiki ya dramu nikiisikiliza peke yake ipo vizuri, nikiziweka pamoja sneya inakuwa nyembamba na kiki inapotea tumbo. Rafiki yangu anasema ni fezi, anasema nisogeze traki zote ziwe sawa kwa kuangalia mawimbi. Ni kweli? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Ni fezi kweli, yani sauti moja kufika kwenye maiki tofauti kwa nyakati tofauti, ila usikimbilie kusogeza. Uvujaji una mambo mawili, kuna huo wa kusikika kama haihati ya mwenzako, na kuna huu wa kwako ambao hauusikii kama kelele, unausikia kama kitu kimepungua. Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa joto letu inazidi kidogo, kwahiyo kila mita moja ni karibu milisekunde 3. Ovahedi ipo mita moja juu ya sneya, pigo linafika kwenye maiki ya karibu alafu karibu milisekunde 3 baadaye linafika juu. Ukizichanganya, masafa fulani yanajumlishana na mengine yanafutana. Kwa uchelewaji wa milisekunde 1 tu linalofutika la kwanza ni Hz 500, alafu 1,500, alafu 2,500, linaruka hivyo hivyo kwenda juu. Ukifungua maiki nane ndo ujue kuna machujio mangapi yanapigana mle ndani.

Anza na kitufe cha kugeuza polariti (kulipindua wimbi juu chini), kile chenye alama ya duara lililokatwa mstari. Weka ovahedi na kiki tu, bonyeza kwenye kiki, sikiliza chini. Pale chini palipojaa zaidi ndo pa kubaki, usiangalie mawimbi, sikiliza. Alafu ongeza sneya, fanya hivyo hivyo ukisikiliza kwenye 200. Kama una maiki ya chini ya sneya hiyo karibu kila mara inageuzwa, maana ngozi ikienda chini kwa maiki ya juu inakimbia, kwa maiki ya chini inakuja. Tomu moja moja baada ya hapo. Ni dakika chache na kwa rekodi nyingi hutahitaji kingine.

Kusogeza traki kunasaidia ila kuna bei yake. Ukisogeza ovahedi ziwe sawa na sneya umezitoa kwenye usawa na tomu, maana ovahedi ina vyote kwa umbali tofauti, huwezi kuwaridhisha wote. Ukiamua, sogeza kwa ajili ya sneya peke yake, alafu sikiliza kama ule upana na ukumbi haujapotea, wakati mwingine zile milisekunde 3 ndo zinafanya dramu isikike ipo mahali na sio kwenye boksi.

Kwa rekodi ijayo chukua kamba au hata waya wa maiki. Shika ncha moja katikati ya ngozi ya sneya, vuta mpaka ovahedi ya kwanza, bana kwa vidole pale ilipofika, alafu izungushe mpaka ya pili. Isipofika au ikizidi, sogeza stendi. Sneya ikifika kwenye ovahedi zote kwa wakati mmoja itakaa katikati na haitakuwa nyembamba hata ukisikiliza kwa simu yenye spika moja.

SWALI: Fundi, mimi ni mpiga dramu, msichana, nipo Dodoma. Kila tukirekodi mtu wa mitambo analalamika kwamba napiga haihati sana, yani lawama zote ni zangu. Mimi nahisi ni maiki zake za bei rahisi. Nani mkweli?

JIBU: Dada, wote wawili, ila yeye kakuzidi kidogo.

Mpigaji anayegonga matoazi kwa nguvu kuliko sneya hakuna plagini (programu ya kurekebisha sauti) ya kumwokoa. Ukiwa laivu bila maiki inasaidia maana matoazi yanakata ukumbi, ukiwa na maiki inageuka. Haihati ipige kwa bega la fimbo ukitaka ukali, ila kwa nguvu ndogo, na sneya ndo uipe mkono wote. Jirekodi kwa simu ukiwa umeiweka mita mbili mbele yako, kama kwenye simu haihati imezidi sneya basi na kwenye rekodi itazidi. Na inyanyue stendi ya haihati, sentimita chache zinatosha, ikae juu ya usawa wa maiki ya sneya badala ya kuwa uso kwa uso nayo.

Upande wake yeye sasa. Maiki za aina ya kadioidi kama Shure SM57 zinasikia mbele na uziwi wao upo nyuma kabisa, kwahiyo mkia wa maiki, kule waya unapotokea, ndo unatakiwa kuangalia haihati. Wengi wanaingiza maiki kutoka upande wowote wenye nafasi ya stendi alafu ubavu wake ndo unaangalia haihati, na ubavu unasikia vizuri tu. Zile za supakadioidi kama Beta 57A ni tofauti, uziwi wake haupo nyuma kabisa, upo kwenye nyuzi 120 hivi kila upande, mkia wenyewe unasikia kidogo, kwahiyo ukiielekezea haihati mkia kama ya kwanza unakosa faida uliyoinunulia. Aisogeze pia karibu, kutoka sentimita 10 mpaka 5 kutoka kwenye ngozi sneya inapanda karibu desibeli 6, anashusha geini kwa hizo 6, haihati imeshuka bila kununua chochote.

Kuhusu bei rahisi una hoja moja. Maiki nyingi za bei rahisi zinatofautiana sio kwa kile kilicho mbele bali kwa kilicho pembeni, kinachoingia kwa ubavu kinakuwa na sauti ya ajabu, haihati inageuka bati. Uvujaji wenye sauti nzuri unaishi nao, wenye sauti mbaya ndo unaokimbizana nao usiku kucha. Sasa kama hela ipo ya maiki moja tu nzuri, iende kwenye sneya.

SWALI: Mbona bendi za zamani za dansi walikuwa wanarekodi wote chumba kimoja na hatusikii matatizo haya? Tanga.

JIBU: Walikuwa na maiki chache. Bendi kama NUTA Jazz au Mlimani Park wakirekodi Radio Tanzania walipiga wote kwa pamoja, tepu inazunguka, na miksi kubwa ilifanyika kwa miguu, yani nani akae wapi na nani asogee. Kila ukizidisha maiki zilizo wazi mara mbili, sauti ya chumba inayoingia inapanda desibeli 3, kwahiyo kutoka maiki moja mpaka nane ni desibeli 9 za chumba umejiongezea mwenyewe. Uvujaji ulikuwepo sana tu, ila uliingia kwenye maiki moja au mbili na ukakaa mahali pamoja. Huko Uingereza Glyn Johns amejulikana kwa dramu nzima kwa maiki tatu au nne, ovahedi mbili zikiwa na umbali sawa kutoka kwenye sneya, moja ya kiki, na moja ya karibu na sneya ikihitajika. Kama unarekodi bendi ndogo ya dansi leo jaribu hivyo kabla hujamwaga maiki nane, utaokoa kazi zote nilizozitaja huko juu.

SWALI: Asalaam aleikum kaka. Sisi ni bendi ya harusi hapa Mombasa, tumerekodi shoo yetu na mwimbaji alikuwa amesimama mbele ya dramu kabisa. Maiki yake imejaa sneya na matoazi, hata sijui naanzia wapi. Nimesikia kuna programu za akili mnemba zinatenganisha, je zafaa?

JIBU: Waaleikum salaam. Zafaa, kwa kiasi. Kuna Demucs, ya bure, inagawa muziki kwenye mafungu manne, sauti ya mwimbaji, dramu, besi na vilivyobaki. Watu wanaitumia kwa nyimbo zilizokamilika, lakini ipe hiyo traki ya mwimbaji peke yake uone, kazi inakuwa rahisi zaidi maana mwimbaji ndo mkubwa mle ndani. Chukua fungu la sauti, liweke kwenye traki mpya pembeni ya traki ya asili, usiitupe ya asili. Fungu lililotenganishwa likikaa peke yake kwenye "s" na kwenye pumzi utasikia maji maji, ukichanganya yaliyosafishwa juu na ya asili ikiwa chini kwa desibeli 10 hivi yale maji maji yanafichika na dramu iliyobaki haisumbui. Hakikisha mafaili yanaanza sekunde ile ile, yakipishana hata kidogo utarudi kwenye habari ya fezi niliyomwambia mtu wa Mbeya.

Usijaribu hivyo kwenye ovahedi kwa ajili ya kutoa mwimbaji kabla hujasikiliza matoazi kwa makini. Mlio mrefu wa toazi ndo unaoteseka kwanza, unakuwa na matundu, na hadhira ya harusi wanaweza wasijali ila nyinyi wenyewe mtausikia kila mkirudia.

Sehemu ambazo haimbi, maiki yake ishushe desibeli 8 mpaka 10 kwa otomesheni, usiizime. Dramu iliyovujia mle imetokea mita mbili tatu nyuma yake, imechelewa milisekunde 6 mpaka 9, imeshakuwa sehemu ya sauti ya dramu mliyoizoea, ukiizima ghafla dramu nzima inasinyaa na akianza kuimba inavimba tena. Kompresa ya sauti yake nayo iwe nyepesi kwa hesabu ile ile ya sneya ya Mwanza, kiasi kingine kifanye kwa mkono, neno lililozama unalipandisha lenyewe.

Na shoo ijayo msimweke mwimbaji mbele ya dramu. Akiangalia watu, mbele ya maiki yake inaangalia uso wake, na nyuma ya uso wake ndo dramu zilipo, kwahiyo maiki imeelekezwa kwenye dramu moja kwa moja hata iwe ya bei gani. Asogee hatua tatu pembeni, awe mbele ya kinanda, na dramu zirudi nyuma kadri jukwaa linavyoruhusu.